Pengo

Gurudumu lilipaswa kuwa na meno sitini na manne.
Nimeyahesabu mara tatu, kidole kimelowa grisi,
na mara zote nimepata sitini na matatu.

Theluji imefika dirishani.
Nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri: ukigusa chuma
kwa mkono mtupu, kinakushika, kinakudai ngozi.
Basi saa kumi na moja alfajiri nawasha jiko la kuni
nangoja Taisto apate joto.
Ndiyo, mashine ya kukereza nimeipa jina la kaka yangu.
Ndiye aliyeinunua, kiwanda cha viberiti kilipofungwa,
akaikokota hadi bandani kwa sleji ya magogo
na kuapa: wiki mbili tu, itazunguka.

Miaka thelathini na mmoja ilikaa chini ya turubai.
Yeye yuko chini ya udongo wa Kauhava tangu Oktoba.

Mazishini walisema pengo lake halitazibika.
Niliitikia kwa kichwa, nikanywa kahawa.
Lakini mimi, miaka arobaini, kazi yangu ilikuwa mapengo:
nilichonga meno ya bandia ya nusu ya wilaya hii.
Ya Taisto pia. Aliyavaa Jumapili tu,
akilalamika kwamba yanaanza kucheka kabla yake.

Nikachimba mfereji pale jino lilipovunjikia,
mpana chini, mwembamba juu;
maseremala wa huku huuita mkia wa samoni.
Nikatwaa shaba ya beringi iliyochakaa,
nikaibana kwenye jiliwa, nikashika tupa.

La kwanza nililipunja. Unene wa unywele, likacheza.
Nikalitupa koponi, nikatukana kwa sauti,
na Orvokki, aliyekuja na mkate, akarudi na mkate wake.

La pili nililifanya kikazi.
Nta ya waridi, ile ya ufizi, nikaikandamiza
juu ya jino jirani, nikapata umbo lake lote,
hata uchovu wake.
Tupa kubwa. Tupa ndogo. Msasa. Kucha.
Kisha karatasi ya buluu waliyokuwa wakiiuma wagonjwa
nikaipachika kati ya gurudumu na gurudumu
na kugeuza mkono wa mashine polepole.

Uma, nikamwambia.
Saga kushoto. Saga kulia.
Kuna mahali pamepanda?

Palikuwapo. Kila mzunguko, mara moja: tik.
Siku nzima niliiacha hivyo, niisikilize.
Usiku nikarudi na tochi nikaiondoa,
mapigo mawili ya tupa, kwa sababu kazi ni kazi.

Sasa haina sauti ya kuitambulisha.
Ukitaka kulijua jino langu, inama utazame:
linapita njano, linapotea, linapita.

Mlangoni, kwa chaki, nimeandika siku zilizotumika.
Kumi na tatu.
Mshenzi. Alikadiria sawasawa.