Tukampungia

Barabara ya Camiguin haina mwisho:
kilomita sitini na nne, kisha Mambajao tena.
Pikipiki ya kukodi, geji ya mafuta imekufa.
Marivic anaendesha, mimi nyuma nimepakata lansone,
namlisha mojamoja,
maganda tunauachia upepo.

Tuliapa kutoitaja Jumatatu,
wala Riyadhi, wala sanduku
lililokwisha kupimwa uzito.

Catarman, mama muuza petroli
anatumiminia kutoka chupa ya soda.
"Mwaenda wapi, wanangu?"
Marivic akacheka, akakosa jibu,
akafuta miwani iliyokuwa safi.

Mambajao ikatokea upesi mno.
Mwenye pikipiki kasimama kibarazani,
kiganja wazi kungojea funguo.

Tukampungia,
tukapita.