Vimondo, Chanika

Usivitafute Kariakoo: taa za kule
zimeimeza mbingu na hazijashiba.
Njoo Chanika, Desemba, saa nane za usiku,
mwezi ukishazama,
kwa Sikujua, nyumba ambayo bado haijaezekwa.
Lala chali. Zima simu.
Macho yataka nusu saa kulizoea giza.

Bibi alisema ni vijinga vya moto
wanavyotupiwa mashetani wanaodukiza mbinguni.
Cha kwanza kilipita nikiua mbu.
Cha pili alikiona Sikujua peke yake, akaapa.
Cha tatu
tuliduwaa wote, hata mbwa wa jirani.

Kufikia adhana tulikuwa na kumi na saba
na shingo mbovu,
na nondo za nguzo zikaanza kuonekana,
zimesimama, zikiingoja ghorofa.