Wakia Tatu

Niliinunua kwa Shemhilu, muuza vyuma chakavu,
Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani.
Ilikuwa chini ya rejeta mbili na kitanda cha hospitali:
mizani ya sahani mbili, mkono umepinda
kama mtu aliyelalia bega.
"Chukua kwa bei ya kilo," akasema,
akaipima mizani juu ya mizani yake.
Tukacheka. Akanipunja kidogo.
Nikanyamaza.

Siku za kazi natengeneza meno ya bandia.
Najua msasa upi unakwangua, upi unabembeleza,
najua kusugua kitu mpaka kidanganye kuwa kilizaliwa hivyo.
Jumapili mikono hiyohiyo inahamia vibarazani,
kwenye karabai, pasi za mkaa, kufuli zisizo na funguo.
Zalfa amechoka kukuta skrubu kwenye bakuli la chumvi.
"Wenzako wana timu ya mpira," anasema.

Niliiloweka kwenye mafuta ya taa siku nne.
Kutu ikatoka kama chai.
Ndimu na majivu kwenye shaba, kitambaa cha kanga kuukuu,
na taratibu, pembeni mwa mkono, herufi zikafumbua macho:
POSHO. Na chini yake namba ya kambi,
shamba la mkonge, njia ya Muheza.

Nikaacha kusugua.

Babu yangu Bitaliho alishuka hapa kutoka Buha
akiwa na namba shingoni na blanketi moja.
Hakutusimulia kisu wala miiba.
Alisimulia foleni ya unga, Jumamosi,
na karani mmoja mwenye kalamu sikioni
aliyekuwa akisema, kila mtu akipokea fungu lake:
"Mizani haina ndugu."

Nikanyoosha mkono, nikapaka mafuta kwenye ekseli,
nikaitundika. Sahani tupu zote mbili.
Ya unga ikashuka.
Nikalaumu macho yangu. Nikalaumu meza. Nikaweka karatasi chini ya mguu wa meza.
Ikashuka.

Nikaigeuza. Rangi ya kijani, chini yake kijivu,
chini ya kijivu, lehemu safi ya fundi aliyejua kazi,
nami najua kazi, nikamheshimu kabla sijamchukia.
Kisha risasi, bapa, pana kama kidole gumba,
imelala tumboni mwa sahani kama kupe.
Wakia tatu.

Mzee Kassamali wa Raskazone, anayekusanya vitu kuliko mimi,
aliniambia kwenye simu: "Usiitoe!
Ndiyo asili yake. Ukiitoa umeua bei."
Na ana haki. Sheria yetu ni hiyo:
usirekebishe kitu kikawa kile ambacho hakikuwahi kuwa.
Nilikaa na sheria hiyo mpaka adhana ya magharibi.
Haba na haba hujaza kibaba, tunafundishwa.
Hakuna aliyeuliza kibaba cha nani.

Nikawasha hendeli ya gesi. Lehemu ikatoa jasho, ikaachia.
Risasi ilianguka mezani kwa sauti ndogo,
sauti ya jino.

Sahani zikayumba, zikayumba, zikatulia sawasawa,
na sijui kama ziliwahi kukaa hivyo
tangu zitoke kiwandani.
Sikufurahi kama nilivyodhani.

Basi nikaiweka risasi kulia, peke yake,
nikachota unga wa dona, nikanyunyiza kushoto
mpaka mkono ukalala.
Konzi moja, si zaidi.
Nikakoroga uji.
Tunu akachungulia sufuria: "Baba, huu ni wa nani?
Mbona haujai hata kikombe?"

Ulijaa. Kikombe kimoja, kile cha bati.
Nikauweka dirishani upoe
na ulipopoa, sikujua nimpe nani.