Pralini

Mbwa alipewa kiti cha mbele.
Nilikiona kitabu chake cha chanjo, kina picha na muhuri;
mimi bado natembea na kadi ya kura iliyofutika sura.
Bi Hanneke alilia mlangoni, kule Muhumba,
risasi zikisikika mbali kama mtu anayepasua kuni,
akanikabidhi kisanduku:
"Nankafu, nitunzie Pralini."

Pralini alikuwa simbilisi.

Miaka mitatu nilimkatia karoti vipande vyembamba,
nikamfutia vioo vya nyumba yake,
wala sikumwambia bibi kwamba kwangu Kadutu
ninao kumi na wawili chini ya meko,
hakuna mwenye jina,
kwamba mmoja ni daftari, wawili ni viatu,
na yule aliyenona ni Krismasi.

Siku moja aliniuliza, sauti chini,
kama ni kweli huku watu huwala.
Nikasema, "Wengine."
Jioni ile alipika kuku asiye na kichwa wala miguu,
aliyetoka kwenye barafu,
hakuna ajuaye nani alimshika mabawa.
Sikumuuliza kitu.

Msidhani hatujui kupenda.
Baba yangu, Walungu, alikuwa na ng'ombe, Gaju,
akimpapasa shingo kuliko alivyowahi kutupapasa sisi.
Siku Gaju alipokwenda kwa mahari ya kaka
baba hakula, na kesho yake hakula.
Mama alipika, akafunika, akanyamaza.
Hata jina langu lina ng'ombe ndani yake.

Basi nikateremka na Pralini, nimemfunga kitengeni,
njia imejaa watu na magodoro.
Usiku wa kwanza wenzake walimnusa, wakamsukuma kwenye moshi.
Usiku wa tatu akala maganda ya viazi.
Baadaye akazaa wanne,
wote na lile doa la kahawia juu ya jicho.
Nao wakazaa.

Majuzi simu ikatetemeka. Ujumbe wa mbali,
moyo mwekundu mwishoni:
Bruno amezoea theluji. Pralini hajambo? Nitumie picha.
Halafu, peke yake, chini:
Na watoto?

Nikapiga magoti mekoni na tochi.
Madoa tisa ya kahawia yakanigeukia.
Nikaona haya kidogo, jirani asinisikie,
nikaita: Pralini.
Wote wakainua pua.

Nikamchagua mmoja aliyetulia, nikampiga picha,
nikaandika: Hajambo, amenenepa. Watoto wapo.
Ikaenda.
Ndipo nikaikumbuka Jumapili,
Mugisho amerudi na cheti chake cha darasa la sita,
tukachinja, tukala na bukari,
tukagombania mchuzi uliobaki sufuriani.

Alikuwa mtamu.
Sijui alikuwa nani.