Tanu Iliyopoa

Umeme umerudi Mkomani saa nne na robo usiku.
Simu imeshiba asilimia kumi na moja.
Yatosha.

Naifungua picha niliyoiacha ikishuka tangu adhuhuri:
galaksi, mikono miwili, labda mitatu,
imejizungusha kama ukili mama anapoushona kawa,
ila mshonaji huyu ameanzia katikati
na hakuona haja ya kufunga ukingo.

Kazi yangu ni ndogo, haina mshahara.
Wenye darubini ya angani wana picha nyingi kuliko macho,
basi huazima macho ya watu.
Wauliza: Ina mikono mingapi? Imekazwa au imelegea?
Nagusa jibu. Inayofuata.
Jana nilihesabu mia mbili na sita,
nikalala na vizingo nyuma ya kope.

"Wafanyani saa hizi?"
Baba, Lali wa Shee, mchoma chokaa miaka arubaini na miwili.
Jicho la kushoto lilikwenda na chokaa mbichi,
la kulia likachoka kumngoja mwenziwe.
Nahesabu, baba.
"Deni?"
Mikono.

Naketi ukingoni mwa kitanda cha kamba,
naushika mkono wake, kiganja kilichopasukapasuka,
na kwa ukucha namchorea:
hapa katikati pana mwanga uliosongamana,
halafu hivi, halafu hivi, hadi kwenye kifundo.
Acheka. "Wanitekenya."

Nyingine si ya kuhesabu. Nimemwekea yeye.
Palikuwa na nyota. Ikalipuka.
Kilichosalia ni pete ya moshi iliyochanika,
nyuzi, vumbi, kama mto wa usufi uliopasuliwa.
Nyekundu na samawati, namwambia,
ingawa rangi hizo wameivisha tu:
mwanga wenyewe si wa jicho la mtu,
mwingine ni joto, mwingine ni ule
unaopenya nyama hospitalini ukaonyesha mfupa.

Kimya. Panya apita juu ya boriti.
"Upana wake?"
Namtajia. Anyamaza kama mtu aliyetajiwa bei.
"Na moto?"
Ulilipuka mji huu haujapata jina.
Tunachokiona ni habari iliyochelewa njiani.

"Basi ni tanu," asema. "Tanu iliyopoa."

Kisha, kwa mkono ule ule niliouchora,
anijengea hewani:
magogo ya mkoko kwa mduara, matumbawe juu yake,
usiku kucha mawe yalia pa! pa!
Walio Manda huuona moshi, nasi tumeshalala.
Alfajiri lundo limebomoka,
jeupe kati, majivu ukingoni,
na mwanagenzi mwenye pupa ataka kuchota.
"Chokaa haichotwi siku ya moto.
Huachwa. Inywe umande. Ijipasue yenyewe."

Nilikuwa na somo langu, nimelipanga tangu asubuhi:
kwamba kalisi ya matumbawe,
ya chokaa, ya ukuta huu,
ya jino lake moja la mbele,
ilipikwa ndani ya nyota kama zile
na mlipuko ukaitawanya.
Nalisema, lakini kwa sauti ya mtu
aliyefika harusini watu wanaosha masufuria.

Apapasa ukuta alioupaka mwenyewe
mwaka niliozaliwa.
"Kumbe nilikuwa nachoma kilichokwisha kuchomwa."
Afikiri.
"Na wakanilipa kwa debe."

Simu: asilimia tatu.
"Ndoo," asema, "nitezamie nyengine."

Inayofuata imelala ubavu,
ukingo mtupu, mwembamba kama kisu.
Mikono, kama ipo, haionekani.
Pana kitufe cha sijui. Nakigusa.
Nageuka nimwambie,
amekwisha kulala, ngumi ameifumba
juu ya ile niliyomchorea,
kama mtoto aliyepewa senti kumi
akaambiwa asiipoteze.