Kipimo cha Danute

Kaunas, theluji dirishani. Danute kasimama na fulana,
utepe kifuani, simu imeegemezwa birika.
Mia na nne. Anaandika mia.
Anafuta.
Miaka thelathini ya mkoba wa posta
imelishusha bega la kulia,
na duka la mtandaoni halina pa kulijaza bega hilo.

Koti la sufu, yuro kumi na tisa.
"Limevaliwa mara mbili," asema muuzaji wa Riga.
Mara mbili! Nani alikufa, au alinenepa?
Bei ya chee nayo ina wasiwasi wake.

Siku ya sita, kifurushi.
Mikono imezidi kidogo. Kifungo kimoja si ndugu wa wenzake.
Lakini begani
limekaa,
kana kwamba huko Riga nako
kuna mtu aliyebeba barua.