Dirisha Namba Mbili

Miaka kumi na tisa nimekaa upande ule wa kioo
nikiuliza, nikiandika, nikigonga muhuri.
Leo nimezunguka.
Nimepitia mlango wa watu,
nimekung'uta theluji kwenye zulia lile lile
ninalowanunia wengine wakilichafua,
nikachukua namba kwenye kimashine
ingawa ukumbini hamna mtu ila mimi na Orval,
na Orval kofia ameishika kwa mikono miwili
kama aliyekuja kulipa faini.

Kinyozi hajinyoi.
Sheria ya kaunti yetu yasema hivyo hivyo kwa maneno marefu:
karani asitoe leseni ambayo jina lake limo.
Basi kalamu anayo Brynn, wa miaka ishirini na mbili,
niliyemfundisha mwenyewe asiwape watu hongera mapema,
maana wapo wanaoingia wawili
wakatoka mmoja mmoja.

Kitambulisho, anasema.
Anakitazama, ananitazama,
kana kwamba si mimi niliyempelekea supu alipong'olewa jino.
Vizuri. Ndivyo inavyotakiwa.

Mahali ulipozaliwa?
Orval anakwama. Mama yake alijifungua ndani ya lori,
juu ya shehena ya viazisukari, katikati ya daraja,
na mto wetu nusu ni jimbo hili, nusu ni la jirani.
Kisanduku hakina nafasi ya daraja.
"Lori lilikuwa limeelekea wapi?" anauliza Brynn.
"Nyumbani."
Anaandika jimbo letu.
Hilo sikumfundisha.

Kisha swali la kumi na moja.
Ndoa iliyotangulia iliishaje:
kifo, talaka, au kubatilishwa? Taja tarehe.

Nimeliuliza mara ngapi, macho kwenye skrini,
vidole tayari juu ya herufi!
Aliyesita nilimsogezea boksi la tishu kwa kiwiko,
nikajihesabu mwema.
"Kifo," nasema.
Na tarehe naijua kama namba ya mlango wangu,
ila kinywa kinatoa nyingine:
ishirini na mbili Juni, mwaka wa mafuriko,
siku Harald aliponivisha pete kwa mkono wenye grisi.

Brynn ameandika. Kompyuta imekataa.
Kimya, hita inakohoa chini ya dirisha.
"Tisa Machi," anasema Orval, taratibu,
bila kunigeukia.
"Nilishika jeneza upande wa kushoto. Barafu ilikuwa imeanza kulainika."

Dola sitini na tano. Taslimu au hundi, kadi hatupokei.
Kanuni hiyo niliibandika ukutani mimi,
nikaipamba kwa mistari mitatu ya wino mwekundu.
Orval ana kadi tu.
Anatoka kwenda kupekua kisahani cha majivu garini,
anarudi na noti zenye harufu ya dizeli
na robo dola kumi na mbili, anazipanga moja moja.

"Karatasi hii si ndoa," Brynn anakariri, "ni ruhusa.
Ina siku sitini. Ikishatumika, mchungaji atie sahihi,
mashahidi wawili watie sahihi,
irudi hapa ndani ya siku tano."
Najikuta naitikia kwa kichwa, kama mgeni.

Jumamosi tuliitumia.
Kalamu ya mchungaji iliganda, akaipumulia.
Shahidi wa pili, dada yake Harald,
aliandika jina lake lote, hata lile la kati asilolipenda.

Nimechukua likizo ya wiki, ya kwanza tangu mazishi.
Tumelala hadi saa mbili asubuhi. Tumechoma chapati za maziwa
tukaziunguza, tukazila.
Ijumaa simu inalia.
"Habari za asubuhi. Napiga kutoka ofisi ya karani wa kaunti.
Hatujapokea karatasi yenu.
Msiwe na wasiwasi, wengi husahau."

Maneno yangu, neno kwa neno,
hata ule mtuo mdogo kabla ya *wengi*.
Naitazama pale ilipo, chini ya sumaku ya jokofu,
ina doa la siagi kwenye sahihi ya bwana harusi.
"Naileta," namwambia.
"Usikimbie, barabara ina barafu," anasema Brynn.
Na hilo nalo sikumfundisha.